Mshika Kibuyu wa Ngezi

Kwa jina lako Jalali, kalamu naiinua,
Mjuzi wa kila hali, la siri walitambua,
Nijaze ulimi kweli, nisije nikachafua
Heshima ya mama huyu, Ituri aliyekua.

Baada ya kumtaja anayestahiki kutajwa kwanza, na tuwapange watu kwa daraja zao, kama wageni wapangwavyo mkekani, msomaji asije akamdhania huyu kuwa yule.

Wa kwanza kwa umri ni Mama Pétronille, mjane wa vilima vya Fataki, ambako baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majina ya kuwaita. Wa pili ni mwanawe Josaphat, fundi wa milango ya chuma, mwenye karakana mtaa wa Lumumba. Wa tatu ni mke wa Josaphat, Adeline, ambaye majirani hawakumwita ila Mama Divine. Na kisa hiki ni chake. Wa nne ni Divine mwenyewe, binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeposwa na kijana wa Mahagi. Wa tano haishi katika nyumba hiyo, lakini siku haipiti bila mguu wake kuukanyaga ua: Marie-Claire, dada mdogo wa Josaphat, mchangamfu, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, mkoani Ituri.

Ama zama, zilikuwa zile za amani iliyolala jicho moja wazi. Watu walikuwa wakirudi Fataki kuinua kuta walizoziacha magofu, na mtu alipokuwa na fedha kidogo hakuanza na kitanda wala kiti. Alianza na mlango. "Fundi, nipe mulango ya nguvu," walimwambia Josaphat. "Yenye mutu anapiga teke mpaka anachoka yeye." Josaphat akawa analisha nyumba yake kwa hofu ya wenzake, jambo ambalo halikumpendeza. Lakini kila komeo alilolichomelea alilijaribu kwa bega lake mwenyewe kabla ya kulikabidhi.

Katika ukoo huo palikuwa na sheria moja ya maziwa, iliyokuja na mababu na kuvuka vita pamoja nao. Mwanamke aliye katika siku zake hakishiki kibuyu cha maziwa. Kwa hiyo kibuyu kikuu cha nyumba, kile kinachofukizwa moshi wa mti wenye harufu na kufunikwa kifuniko cha ukindu, hushikwa na mwanamke ambaye damu yake imekwisha kutulia. Yeye ndiye huwamiminia wageni wa heshima, na yeye ndiye huamua maziwa yapi yanyweke na yapi yamwagwe. Wengi hukipokea wakiwa na mvi. Adeline alikipokea kabla ya mvi ya kwanza.

Sababu ilikuwa kisu cha daktari. Uvimbe ulikuwa umeshika mifuko yake yote miwili ya mayai, na daktari akaitoa yote miwili. Alirudi nyumbani damu imekoma kwa siku moja kama mto uliozibwa. Joto likawa linampanda kutoka kifuani hadi utosini hata katika baridi ya alfajiri, na shinikizo la damu, ambalo Bunia nzima huliita tension, likapanda kwa namna ambayo hakuwahi kuijua. Daktari alimweleza kwa upole kwamba yale mayai yalikuwa pia yakiilinda mishipa yake. Sasa ulinzi umeondoka, basi ameze kidonge kila siku, asiache.

Adeline alilia kwa siku kadhaa, uso ameugeuzia ukuta. Ndipo Mama Pétronille alipoingia chumbani, kibuyu amekikumbatia, akakiweka kwenye mapaja ya mkwewe.

"Acha kulia. Mungu amefunga mulango moja, mie ninakufungulia ingine. Kuanzia leo maziwa ni yako."

"Mama, mie niko mutupu sasa."

"Kibuyu pia iko mutupu, njo maana inaweka maziwa. Shika."

Tangu siku hiyo Adeline alitembea kama mtu aliyevikwa taji. Ila neno moja lilibaki likimchoma ndani. Mababu walisema kibuyu hushikwa na mwanamke mzima. Je, mwanamke mwenye kumeza dawa ya ugonjwa kila asubuhi, mpaka kaburini, ni mzima? Hakumuuliza Mama Pétronille, kwa maana aliliogopa jibu. Vidonge akavificha ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga, nyuma ya gunia la muhogo, akawa anavimeza kama mwizi.


Alasiri moja, siku ya mahari ikiwa inakaribia, Marie-Claire aliingia na chupa ya rangi ya dhahabu. Akaiweka mezani katikati, kama mtu awekaye sanamu.

"Semeki, wifi yangu, angalia. Batu bakubwa ba Kinshasa njo banakula hii. Antioxydant!"

"Inafanya nini?" aliuliza Adeline.

"Inatosha kutu mu mwili, inaiondoa yote. Mwili yetu inashika kutu, sawa chuma. Mutu anazeeka, mishipa inaharibika, yote ni kutu. Na zaidi mwanamuke mwenye damu imekwisha. Ukikula gélules hizi, unarudi musichana. Mie mwenyewe ninakula. Angalia ngozi!" Akanyoosha mkono wake, na kweli ngozi ilikuwa inang'aa, ingawa mafuta ya nazi nayo yalikuwa na sehemu yao.

Josaphat alikuwa akila. Neno kutu lilimfanya aweke tonge chini.

"Kutu? Mie ninajua kutu," alisema. "Chuma bila antirouille, mvua mbili tu imekwisha. Lakini ukipakaa ile rangi nyekundu muzuri, chuma inalindwa. Rangi ingine ya juu ni ya kupendeza macho tu."

"Umesikia bwana yako?" Marie-Claire alipiga makofi. "Yeye hakusoma kwa docteur, lakini anaelewa!"

"Basi zile komprime za centre..." Adeline alivitaja vidonge vyake vya kituo kwa sauti ya chini, akatazama mlangoni, maana Mama Pétronille alikuwa nje akianika muhogo.

"Kama kutu imetoka, komprime ni ya nini?" alisema Josaphat, na alisema kwa mapenzi, kwa sababu alikuwa amechoka kumwona mkewe akijificha nyuma ya gunia. "Ni ile rangi ya juu. Uko na antirouille sasa. Pumzika."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa la nyumba ya fundi chuma. Mahali pengine lisingekuja kwa sura hiyo. Lakini tusimbebeshe Josaphat mzigo wote, kwa maana neno lake lilianguka juu ya udongo uliokwisha kulimwa. Juma lililotangulia Adeline alikuwa amekwenda kituo cha afya kuchukua vidonge vyake. Amevaa kitenge kipya na kilemba cha kupanga, akakaa miongoni mwa vizee wenye mikongojo, na sauti ikatoka dirishani: "Bale ba tension, bakuje huku! Bale ba tension, mstari moja!" Jirani yake wa Ngezi, aliyekuja kuchanja mtoto, aligeuka akamtazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Kumbe na weye, Mama Divine? Pole, eh? Pole sana." Hakuna tusi linalouma kama pole isiyoombwa. Vidonge vilitiwa katika kibahasha cha karatasi, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kumwonea aibu mnunuzi.

Ama chupa ya dhahabu, ilikuwa ya bei kali. Adeline alitoa kitenge chake kimoja kisichoshonwa akampa Marie-Claire, na salio likabaki ahadi. Lakini chupa hiyo haikufichwa. Ilikaa mezani, kati ya sukari na majani ya chai, na mgeni alipouliza, Adeline alijibu kwa sauti iliyonyooka, "Ni ya kuleta nguvu." Kidonge cha ganda alikimeza mbele za watu, shingo ameinyoosha. Ule mkebe nyuma ya gunia ukaota vumbi.


Mwili una subira, lakini si bubu. Kwanza masikio yake yalianza kuvuma asubuhi, kama nyuki waliofungiwa katika kibuyu. Halafu kisogo kikawa kizito. Divine, aliyekuwa na jicho la mwalimu, alimkuta siku moja ameegemea nguzo ya jiko, macho ameyafumba.

"Mama, unasikia vibaya?"

"Niko muzima."

"Unakula dawa yako?"

"Minakula ya muzuri kuipita. Weye uliza habari ya bokilo yako, bale bakwe ba Mahagi, hapana ya mie."

"Mama, bokilo banakuja kila siku mu hii dunia. Mama iko moja."

Adeline akafumbua macho, akacheka, akampiga binti yake kibao chepesi begani. "Mwalimu! Unanifundisha na mie? Enda ukaangalie mupunga isiungue."

Alimpenda binti huyo kuliko alivyojua kumwambia. Na alichokitaka kwa siku ile inayokuja kilikuwa kimoja tu: apige magoti mbele ya wakwe akiwa mama aliyekamilika, amimine maziwa, na watu wa Mahagi warudi kwao wakisema, "Tumeoa katika nyumba iliyosimama." Kwa ajili ya picha hiyo moja alikuwa tayari kuyaziba masikio yake mwenyewe.


Jumamosi ya mahari mawingu yalitanda tangu asubuhi, lakini mvua ilijizuia. Wakwe walifika katika gari walilolikodi, wakiwa wamesafiri na msafara wa magari uliosindikizwa na askari kutoka Mahagi, kwa sababu barabara ile ilikuwa haijaaminika kwa msafiri wa peke yake. Ilibidi warejee na msafara wa alasiri. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Médard, baba wa mchumba, mrefu, mwenye kofia ya pama na kicheko cha tumboni. Alisimama mbele ya lango jipya ambalo Josaphat alilitengeneza mahsusi kwa siku hiyo, akayahesabu makomeo kwa fimbo yake.

"Papa Divine! Mulango yako iko na verrou nyingi hivi juu ya nini? Mulikuwa munaogopa mwizi ao munaogopa siye?"

Josaphat hakukosa jibu. "Mwizi anabeba kiti, anakimbia. Weye unakuja kubeba mutoto, na unataka tukupe na chakula. Sema mwenyewe, nani wa kuogopa?"

Kicheko kilipasuka pande zote mbili za lango, na makomeo yakafunguliwa. Ng'ombe walizungumziwa, mbuzi walizungumziwa, na wazee walivutana kwa maneno matamu mpaka pande zote zikawa zimeshindwa kwa heshima. Kisha Mama Pétronille akainua mkono, na ua ukanyamaza. Ilikuwa zamu ya maziwa.

Desturi yao ni kwamba mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba ndani hamna ila wema. Katika miaka hiyo, baina ya kabila na kabila, huko kuonja hakukuwa pambo, kulikuwa kiapo. Adeline akatoka ndani amevaa nguo nyeupe ya kudarizi, kibuyu mikononi, wanawake wakapiga vigelegele. Akaja, akapiga magoti mbele ya Mzee Médard. Nyuki wa masikioni wakavuma kuliko vigelegele. Alipoinamisha kichwa ili aondoe kifuniko, kitu cha moto kilimshuka puani, na tone jekundu likaangukia juu ya ukindu. Halafu la pili. Halafu kifua cha nguo nyeupe.

Vigelegele vilikatika kama uzi.

"Damu ku kibuyu," alisema shangazi mmoja wa ukoo, polepole, na kila aliyezaliwa katika sheria ile alielewa.

"Ni jua!" Marie-Claire aliruka. "Ni jua tu, bageni, muketi!"

Mama Pétronille aliinua uso kuelekea mbinguni, akautazama weusi wa mawingu. "Jua gani, Marie-Claire? Onyesha na mie niote."

Yupo aliyecheka na kuzuia kicheko kwa kiganja. Adeline alikuwa bado amepiga magoti. Njia ya uongo ilikuwa wazi mbele yake, imekwisha kufagiliwa na wifi yake; alihitaji tu kuitikia, "Ndiyo, ni jua." Alimwona Divine mlangoni, mikono kinywani. Akamwona Mzee Médard, ambaye hakuijua sheria ya maziwa, lakini alijua kusoma nyuso, akimtazama kwa huruma. Huruma ile ilimwamsha kuliko maumivu.

"Haiko jua," alisema. Akajikokota kwa magoti yake mpaka kwa Mama Pétronille, akamwekea kibuyu mapajani, kifuniko bado juu yake. "Mama, unichungie hii. Nitakuja kuieleza mwenyewe."

Kisha ua ukamzunguka, naye akaangukia mikononi mwa bintiye.

Josaphat alikuwa akipiga kelele pikipiki iletwe. Mzee Médard alimshika bega. "Pikipiki ya nini? Gari yangu iko hapa."

"Lakini convoi yenu, Muzee! Ikienda mutalala huku."

"Convoi itaenda, itarudi. Mama wa bibi ya mutoto wangu iko moja. Munipakie yeye!"


Kituoni muuguzi Huguette, yule yule mwenye sauti ya dirishani, alimfunga Adeline kitambaa cha kipimo mkononi, akakipuliza, akasoma, akapuliza tena kana kwamba hakuamini. Alimkalisha, akamwinamisha mbele, akambana pua mpaka damu ikasita. Daktari akaja, dawa ikatolewa, na amri ikawa asubiri kitandani mpaka asubuhi, shinikizo lishuke taratibu bila kuporomoka.

"Mama, ulikula dawa lini mara ya mwisho?" aliuliza Huguette.

Josaphat ndiye aliyejibu, akaitoa ile chupa ya dhahabu mfukoni. "Anakula hii. Ni ya kutosha kutu. Mie njo nilimwambia aache ile ingine."

Huguette aliipokea chupa, akaisoma pande zote, wala hakucheka. "Papa, mie sitasema hii ni sumu. Kuna badocteur banatafuta kama bitu sawa hii binasaidia mishipa ya mwanamuke mwenye mayai imetoka. Lakini banaitafuta pamoja na dawa ya tension. Haiko pahali pa dawa. Na hata pamoja, docteur aione kwanza, kwa maana zingine hazipatane na komprime." Akaigeuza chupa mkononi. "Juu ya nini hamukuuliza?"

"Juu unaita batu sawa bafungwa," alisema Adeline kutoka kitandani, macho juu darini. "Bale ba tension, mstari moja. Mie nilikuja na kilemba, nikarudi na aibu."

Muuguzi alibaki na chupa mkononi. Walikuwa wengi, dirisha lilikuwa dogo, na sauti yake aliizoea mwenyewe kama mtu azoeavyo harufu ya nyumba yake. "Mama, unisamehe," alisema mwishowe. "Nitaita kwa majina."

Josaphat alikuwa ameketi kwenye benchi, anautazama mlango wa wodi, mlango wa chuma uliotengenezwa na fundi mwingine, na kwa mazoea jicho lake lilikuwa likiukagua. Rangi ilikuwa nzuri, haina doa la kutu. Lakini hakukuwa na komeo; walikuwa wameufunga kwa kamba, na kila upepo ulipovuma mlango ulisukumwa ukagonga ukuta.

"Mama Divine," aliita kwa sauti ya chini.

"Mm."

"Antirouille inazuia chuma isikulwe. Lakini mutu akisukuma mulango, rangi haimuzuie. Verrou njo inamuzuia." Alipangusa uso kwa kofia yake. "Damu yako inasukuma. Na mie, fundi wa verrou Bunia nzima, nilitosha verrou ku mulango ya nyumba yangu."

Adeline alinyoosha mkono, akautafuta wake. "Ulitosha juu nilikuwa ninataka itoke. Tuache kugombea kosa, iko kubwa, inatosha siye wawili."


Walirudi Ngezi siku ya pili, baada ya Wakristo kutoka kanisani. Watu wa Mahagi walikuwa wamelala kwa majirani, na hakuna aliyeondoka. Mama Pétronille alikuwa ameketi pale pale alipoachwa, juu ya mkeka, kibuyu mapajani. Divine alisimulia kwamba alikataa kulala kitandani, na kila aliyemwambia amwage maziwa au amimine, alimjibu neno moja: "Haiko yangu."

Adeline alisimama mbele yake, nguo ya kuazima mwilini, kichwa hakina kilemba.

"Mama, hukumu inasema nini?"

"Unaniuliza mie?" Bibi kizee alimkazia macho. "Nilikupa hii kibuyu mbele ya Mungu. Mwenye kuishika njo anaamua maziwa. Ningeamua mie, ningekuwa nimekunyang'anya. Amua."

Ua mzima ulikuja karibu. Marie-Claire alijibanza nyuma ya nguzo. Adeline aliona kwamba hukumu ya damu yake imewekwa mikononi mwake mwenyewe, na kwamba hakuna awezaye kumpunguzia uzito huo. Akaketi. Akakipokea kibuyu, akakitazama kifuniko: matone mawili yaliyokauka juu ya ukindu, na chini ya ukindu hakuna kilichopita.

"Bazee, bageni, bokilo," alisema. "Sheria ya bababu inakataza damu ya mwezi. Hii haiko damu ya mwezi. Ile docteur aliikomesha, alitosha mayai yangu yote mbili, na sasa mutu asiyejua anajua. Hii ni damu ya tension. Niko na tension. Itakuwa na mie mpaka nife, na ninapashwa kumeza komprime kila siku. Niliziacha. Niliificha Mama, juu nilisema mwenye kukula dawa haiko muzima, atanipokonya kibuyu. Basi ninaamua: maziwa haina kosa. Kosa ilikuwa mu kinywa yangu, na sasa nimeitosha. Kama kuna mutu anaona nimeamua vibaya, aseme."

Mama Pétronille alipanua kinywa chake akakionyesha kwa kidole.

"Angalieni. Niko na meno mbili. Kuna mutu aliniambia mie siko muzima juu ya meno?" Watu wakaanza kucheka, naye akawakatiza. "Bababu baliposema mwanamuke muzima, hawakusema mwanamuke asiyeugua. Hakuna. Balisema mwanamuke mwenye kusimama mbele ya batu na kusema kitu sawa vile iko. Leo tumemuona."

Adeline alifungua kibahasha cha karatasi, kile kile cha bei ya aibu, akatoa kidonge, akakimeza kwa maji mbele ya wote, shingo ameinyoosha. Kisha akaondoa kifuniko. Maziwa yalikuwa yameganda, na harufu ya moshi ikatapakaa uani. Akamimina kidogo katika kikombe cha mti, akaonja kwanza, akajaza, akampelekea Mzee Médard kwa mikono miwili.

Mzee Médard alivua kofia yake kabla ya kupokea. Akanywa yote, akapangusa masharubu.

"Bokilo," alisema, "nilikuja kuomba binti. Sikujua mama yake njo verrou ya ndani ya nyumba hii. Mutoto wangu amepata."

Vigelegele vilivyokatika jana vikaunganishwa leo, na lango la Josaphat likafunguliwa mabawa yote mawili.


Baada ya arusi, Marie-Claire alikuja na uso wa kuomba radhi, akataka kuichukua ile chupa. Adeline alimzuia. "Iache. Docteur ameiona, amesema haigombane na dawa. Nitaimaliza juu weye ni semeki yangu. Lakini ikae nyuma ya komprime, hapana mbele." Vyote viwili vikawekwa katika kikapu kinachobeba kibuyu, ubavuni mwa maziwa, ambapo kila aingiaye anaona. Asubuhi anapokifukiza kibuyu, humeza kidonge chake kwanza, mlango ukiwa wazi.

Mama Pétronille amekwisha kuitikia wito usiokataliwa. Mola ampe wasaa alikokwenda. Kibuyu kipo. Divine huja kutoka Mahagi na mwanawe wa kike mgongoni, na mtoto huyo ameshajua kwamba bibi hamimini kabla hajameza.

Ewe Mwenye kufunga na kufungua, walinde waliosalia katika ua ule. Itulize mishipa ya akina mama wa Ituri kama ulivyovituliza vilima vyao. Wape wanaume wao ulimi wa kukiri, na wauguzi wao sauti ya upole. Milango inayojengwa Fataki uifanye ya kufungulia wageni, makomeo yake yapate kutu kwa kukosa kazi. Na maziwa ya nyumba ile yasikauke, wala mikono ya kuyamimina isipungue. Amina.